Kigelegele cha Pasaka

Mheshimiwa Mchungaji Ildephonse, wazee wa kanisa, mama zangu wa kwaya, majirani wa hapa Jeppestown, wageni wetu mliotoka Randburg, na wewe dada yetu Seo-yun ambaye tunakuaga leo: Bwana asifiwe.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya kina mama. Najua mlitegemea nishukuru, nitoe zawadi ya kitenge, niketi. Nitashukuru. Lakini kwanza nina kosa la kuungama, na afadhali niliungame mbele ya walioliona.

Wageni pengine hamjui. Marehemu mume wangu, Placide, alikuwa fundi wa kuchomea vyuma mtaa wa pili tu kutoka hapa, na mwanga wa ile kazi ulimla macho kidogo kidogo mpaka akabaki haoni kitu. Dada huyu alikuja karakana kutengenezewa miguu ya chuma ya gayageum yake, kinanda cha Kikorea chenye nyuzi kumi na mbili za hariri. Wenzake Placide wakachomea, naye akakaa akizipapasa nyuzi. Akasema, "Hii ni ndugu ya inanga, kinanda cha nyuzi alichopiga baba yangu kwetu Gitega." Dada akamwuliza: mzee, mwanga wa mwisho unaoukumbuka ni upi? Nani kati yetu aliwahi kumwuliza hivyo? Mimi, mke wake, sikuwahi. Mimi nilimwuliza kama amekula.

Akajibu: ni ule wa asubuhi, unaopenya kwenye matundu ya mabati ya karakana, vumbi likipanda ndani yake. Basi dada akaenda akautungia muziki, wa kupigwa na mtu mmoja peke yake, bila mwimbaji, bila ngoma.

Jumapili ya Pasaka mwaka huu, 2017, aliupiga hapa hapa. Katikati akanyamaza. Mkono wa kulia ukatulia, wa kushoto ukabaki unautikisa uzi, sisi hatusikii kitu. Sasa mnatujua: kwetu mtu akikwama katikati ya wimbo mbele ya kanisa, hatumwachi aaibike, tunampokea kwa makofi mpaka maneno yamrudie. Nikafikiri, eish, masikini mgeni amesahau. Nikapiga kigelegele. Kwaya ikadaka, nanyi mkasimama, Mchungaji naye akapiga makofi. Dada akainama kwa heshima, akaondoa mikono kwenye nyuzi, muziki ukaishia hapo. Tukazidi kushangilia.

Nyumbani Placide alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. "Jeannine," akasema, "hakuwa amekwama. Kimya kile kilikuwa giza langu. Mwanga ulikuwa njiani." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tulimwomba dada arudie, tukapanga Jumamosi ya mwisho ya Juni. Ugonjwa wa kifua wa Placide haukungoja. Tulimzika wiki moja kabla. Amekwenda akiwa ameusikia muziki wake mpaka gizani tu, na aliyemzibia mwanga ni mimi niliyempenda. Linaniuma, ndugu zangu. Kila jua likiingia dirishani asubuhi, linaniuma.

Dada Seo-yun, hukunilaumu hata siku moja. Kesho unapanda ndege, na tulipokuuliza unataka tukuage kwa kitu gani, ulisema unaomba tu umalize muziki ule. Kwa hilo, na kwa swali ulilomwuliza mume wangu, nakushukuru. Kitenge nimekishona kwa mkono wangu. Ukikivaa huko kwenu, utukumbuke.

Gayageum ile pale, juu ya vyuma vya karakana yake. Dada akinyamaza katikati, nawasihi msimsaidie. Mkiona mimi nainuka, nishikeni mkono. Mtu wangu alisubiri katika kimya hicho. Tusubirini naye mpaka mwisho.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Naomba msinipigie makofi.