Sekunde Arobaini za Kitufe

Benchi la pale nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali hutakiwa asicheke kwa nguvu. Siku hiyo upande huo alikalia Waya, mtu wa programu katika ofisi ya vyeti iliyo ng'ambo ya barabara. Jina la Waya alipewa na kijiwe. Yeye waya hajawahi kugusa, ila wenzake walishindwa kuelewa kazi nyingine yoyote inayofanywa na kompyuta. Kahawa yake ilikuwa imepoa, laptopu iko magotini, na saa nane mchana Mkuu wa ofisi angezima mashine ya zamani kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mpiga picha.

— Umebakiza nini? aliuliza Mzee Jalada, ambaye alistaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye chumba cha mafaili na bado hutembea upandeupande kama aliye katikati ya makabati.

— Sifa moja, mzee. Moja tu.

— Sifa za nani?

— Za kitufe.

Mkasi, kinyozi, alitoka na taulo begani. Hakuwa na mteja, na hata angekuwa naye angetoka.

— Kitufe nacho kina sifa? Mimi mwenyewe sina.

Waya akaeleza kwa mara ya tatu wiki ile. Kwenye programu ya zamani kulikuwa na kitufe cha kuandikisha vifo, kilichotengenezwa kwa mkono na fundi aliyemtangulia. Kitufe kile kilikuwa na sifa zake thelathini na moja: rangi, upana, maandishi, na kadhalika. Jukwaa la zamani, yaani mfumo unaoibeba programu, lilizihifadhi zote bila kuuliza. Jukwaa jipya, ambako sasa programu inahamia, halikisii. Linataka kila sifa itamkwe: ihifadhiwe, au isihifadhiwe.

— Sasa kosa langu, alisema Waya, Ijumaa nimechoka, jukwaa limenijazia skrini malalamiko thelathini na moja, moja kwa kila sifa, nikayajibu yote "isihifadhiwe". Yakanyamaza. Mkuu akanipongeza.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Mkasi.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Sijui, lakini inahusu.

— Jumatatu nafungua, kitufe kimekuwa cha kijivu, hakina hata neno. Kimesahau kila kitu. Nimerudi kwenye nakala ya zamani, nimezirejesha moja moja. Thelathini nimezielewa. Hii ya mwisho inaitwa Subira. Thamani yake arobaini. Karani akibonyeza, programu inakaa sekunde arobaini bila kufanya lolote, halafu ndiyo inachapa cheti.

— Muulize aliyetengeneza, alisema Mzee Jalada.

— Alifariki. Na cheti chake kilisubiri sekunde arobaini kama vya wengine.

Wakanywa kahawa kidogo kwa heshima yake.

— Basi itoe, alisema Mkasi.

— Mkuu ndivyo anavyotaka. Ameshaandika huko juu kwamba huduma itakwenda kasi. Kasema akikuta kitu kinachosubiri ndani ya mfumo mpya, mkataba wangu unaisha mwezi huu na hautaongezwa. Lakini mtu hakai akaunda sifa kwa mkono bila sababu. Nikiitoa, hairudi, mashine ya zamani inakwenda stoo.

— Sababu ipo, alisema Mzee Jalada. Printa. Printa za zamani zilipasha moto kwanza.

— Printa imebadilishwa mara tatu, mzee.

— Basi ni utaratibu. Serikali haiwezi kukubali jambo papo hapo, hata kama jambo lenyewe limeshazikwa.

— Hapana bwana, Mkasi alidakia. Ile ni nafasi ya marehemu kukata rufaa. Umeandikwa umekufa kimakosa, si unahitaji muda wa kupiga simu? Mwenda pole hajikwai.

— Marehemu haendi popote, alisema Waya.

— Ndiyo maana hajikwai!

Waya alijisahau akacheka, tofali likasogea, wote wakashikilia vikombe.

Mzee Jalada hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole.

— Sikilizeni. Kila marehemu, kwa karatasi, anaishi sekunde arobaini za ziada. Kwa mji mzima, kwa miaka yote hiyo, hayo ni masiku na masiku ya uhai. Yanakwenda kwa nani?

— Kwa aliyetengeneza! alisema Mkasi.

— Lakini si kafa, alisema Waya.

— Basi alikosea hesabu.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mwenye bahasha ya khaki, aliyeomba kahawa tu na kupewa nafasi. Hakuna aliyemjua.

— Samahani wanangu, alisema. Huyo karani mnayemsema ni yule wa dirisha la pili?

— Ndiye, mama, alijibu Waya.

— Mwaka jana nilikwenda kumwandikisha mume wangu. Kila dirisha nililopita walinitazama karatasi. Yule binti akabonyeza, akatoa mikono kwenye mashine, akanitazama usoni. Akaniuliza, mzee alikuwa anapenda nini. Nikamwambia, kutengeneza redio za watu na kusahau kuzirudisha. Tukacheka wote wawili. Ndipo cheti kikatoka. Tangu msiba ule, hakuna mwingine aliyeniuliza.

Aliigeuza bahasha magotini.

— Sasa niambieni nyinyi mnaojua. Alikuwa ananiuliza mimi, au alikuwa anasubiri mashine?

Mzee Jalada akatazama ndani ya kikombe kama aliyepoteza faili humo.

Waya aliivuta laptopu karibu. Mbele ya Subira akaandika "ihifadhiwe", akaangalia kama imeshika, kisha akafunga na kufungua tena ili awe na hakika. Arobaini ilikuwepo. Ng'ambo, Mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni na mpiga picha wake.

— Na mkataba? aliuliza Mzee Jalada.

Waya alikuwa ameshavuka barabara.