Chumba cha Chini Kisilaliwe

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Didas, keti, wewe ulianza kubisha kabla ya kuota meno, leo nivumilie mpaka mwisho. Verediana, kaa hapa na mtoto wako.

Mashamba nimekwisha kuyagawa mbele ya katekista, na ng'ombe mnawajua. Linaloninyima usingizi ni nyumba hii, na hasa chumba cha chini, kile nilichokichimba mlimani.

Mnakumbuka mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, tulivyohamishwa bondeni tukaletwa huku Mafinga, tukalala chini ya turubai na mvua inanyesha, mama yenu Benedicta akiwafunika kwa kanga yake. Mimi seremala nikaapa kwamba hamtatetemeka tena. Nikachonga milango na madirisha ya msonobari yaliyobana kabisa, nikaziba hata ule uwazi wa juu ya ukuta ambao babu zetu walikuwa wakiuacha ili moshi utoke. Watu wakaja kunisifu, nami nikavimba kichwa.

Mwaka wa sabini na saba akaja kijana mpima miamba, Liberatus, akaning'iniza kikopo cha kupimia hewa kule chini, akakichukua baada ya miezi mitatu, kisha akaniletea barua. Ilisema kuna gesi iitwayo radoni, haina rangi wala harufu, inatoka kwenye miamba na udongo, ikiingia katika nyumba iliyozibwa inajikusanya humo, na mtu akiivuta kwa miaka mingi yaweza kumletea saratani ya mapafu. Chumba chetu kilikuwa nayo nyingi mno.

Niliisoma mara tatu, wanangu, nikaificha chini ya randa. Niliogopa wakubwa wakijua watatuhamisha tena, na mikono yangu haikuwa na nyumba nyingine ndani yake. Mama yenu akaendelea kulala kule kwa ajili ya joto, akikohoa, hadi tulipomzika mwaka jana. Sisemi gesi ndiyo iliyomuua. Kifua kilimsumbua tangu usichana wake, wala hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Lakini nilimnyima kujua, naye alilala pale kwa kuniamini mimi. Naona aibu, kwake na kwenu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na barua haikusema tuhame! Ilitaka kazi ya siku chache tu, kazi ambayo fundi kama mimi angeimaliza huku anapiga mluzi. Didas, chukua msumeno, toboa matundu ya hewa, mengine chini karibu na sakafu, mengine juu kabisa, na ule uwazi wa ukutani uuzibue. Usiionee huruma kazi ya baba yako. Nyufa za sakafu zijaze saruji. Halafu chimba shimo chini ya sakafu, lijaze kokoto, simamisha bomba litokee juu ya bati, ili gesi ipande nje badala ya kuingia ndani. Ukimaliza, mtafuteni Liberatus apime tena, msijiamini kama nilivyojiamini. Hadi hapo, kule chini wekeni viazi.

Ngoja... nipumzike kidogo.

Verediana, tangu mama yako afariki unalala kule na huyu mtoto, nami nimekuangalia ukishuka kila jioni, nimenyamaza. Leo hushuki. Najua mnanong'ona kwamba mtahamia chumba hiki nikishaondoka, kwa kuwa ndicho kilicho juu na chenye upepo. Mtoto hawezi kuzuia pumzi kwa kunisubiri mimi nife.

Nibebeni barazani pamoja na godoro. Didas, shika huku kichwani. Msinibishie habari ya baridi, blanketi mbili zatosha. Mungu wa mama yenu awape umri mrefu, msifichane neno... na vifua vyenu viwe vyepesi. Taratibu, mwanangu. Verediana, tandika hapa nilipokuwa nimelala. Mlaze mtoto.