Isale la Mama Vedastus

Noah ya abiria ilikuwa ikiteremka mjini kutoka Kibosho, na mzee Sifael, kiti cha nyuma, hakukusudia kusikiliza. Lakini mama aliyekaa mbele yake alishika jani la isale, na isale ni la kuombea msamaha.

"Naenda Pasua, kwa mwenye duka," mama huyo alimwambia jirani yake, mwanamke wa kitenge cha kwaya. "Anasema mwanangu Vedastus kamvunjia duka. Yuko mahabusu tangu jana."

"Lifiche hilo jani, mama! Ukimpa isale, umeshakiri kwa niaba ya mtoto. Anza kwa wakili, tena wa jinai, siyo hawa wa kugombania mashamba ya vihamba."

"Na mwanangu aendelee kulala ndani?"

"Mwombee dhamana polisi. Haiuzwi, wasikudanganye. Wanataka mdhamini mwenye kitambulisho, aahidi kwamba kijana akiitwa atakuja. Kesi inabaki palepale."

Mzee Sifael alistaajabu. Wakubwa hupanda huku na vipaza sauti kuomba kura, na hakuna aliyewahi kuwaeleza hilo. Marehemu mkewe angemkaribisha mwanamke huyu pombe ya mbege.

"Mdhamini nimtoe wapi? Baba yake hayupo. Na isale halikataliwi, dada."

"Halikataliwi, ndiyo. Lakini litasomwa mahakamani."

"Na kama kweli alivunja?"

Abiria wakageuza shingo kumtazama.

"Hilo kamwambie wakili, mama. Usiiambie Noah."

Stendi, gari likasimama. Mama alishuka na jani lake, akatazama njia ya Pasua, akatazama ya mawakili. Mzee Sifael alipapasa kitambulisho chake mfukoni, akashuka nyuma yake.