Fosco Capannoli na Barabara ya Leccio, 1951–2024

Tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 12 Machi 2024, ni Fosco Capannoli wa Montarsiccio. Anayesoma ni mimi, Loriana, mdogo wake wa pekee. Mjane wake, Ilva, ndiye aliyenipa kazi hii. Alisema, "Soma wewe, ndiwe mwenye mdomo." Ni maneno marefu kuliko yote aliyonipa tangu Novemba, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1951 katika shamba la Casalta, chini ya kilima hiki, akiwa mtoto wa kwanza wa Quinto Capannoli na mkewe Zaira. Wazazi wetu walilima shamba la watu kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye ardhi. Hatukuwa na kitu, ila barabara ya Leccio ilipita mlangoni petu, nyeupe, na kila gari lililopita lilituachia vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Mama aliilaani barabara hiyo kila Jumatatu. Fosco aliipenda tangu hapo.

Alisoma shule ya msingi hapa Montarsiccio hadi mwaka 1962, kisha miaka miwili Asciano, akienda kwa baiskeli ya baba iliyokuwa ndefu kuliko yeye. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto ana akili lakini anachelewa. Alichelewa kwa sababu kila alipokuta dimbwi katikati ya njia alishuka, akachimba kijia cha maji kwa kisigino, akasubiri hadi likauke. Baba alimchapa kwa sababu ya viatu vilivyoharibika, wala haikusaidia.

Tarehe 4 Machi 1974 aliajiriwa kuwa mtunza barabara, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na saba. Aliyeishi vilimani kwetu anajua kwamba barabara ya changarawe haiuawi na magari, inauawa na maji. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, mvua moja ya Oktoba inaweza kuubeba mteremko mzima. Fosco alijua kila mtaro na kila kalavati lipitishalo maji chini ya barabara kati ya hapa na Trequanda, na mvua ilipoanza, wengine wakikimbilia ndani, yeye alichukua beleshi akatoka. Alisema maji yanataka tu kuonyeshwa mlango.

Alifunga ndoa na Ilva Bardotti tarehe 18 Juni 1977 katika kanisa hili hili. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ya mawe ilikuwa imenyesha. Saa nne asubuhi bibi harusi alikuwa amefika, padri amefika, wapiga kinanda wamefika, bwana harusi hayupo. Alitokea saa nne na nusu, suti safi, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba.

Ilva akamtazama miguuni. "Kalavati gani?"

"La Leccio," akajibu. "Lilikuwa limeziba."

"Viatu hivyo kanisani vitaingia, kwa kuwa kanisa si langu. Kwangu haviingii."

Havikuingia kwa miaka arobaini na sita. Vilikaa barazani. Mwaka 1979 walijaliwa binti yao, Morena.

Alipostaafu mwaka 2011 alianza kazi ambayo wengi wenu mliovaa nguo za baiskeli humu ndani mnamfahamu kwayo. Alichora njia kumi na moja za baiskeli kupitia vilima hivi, zote za changarawe, zote za kimya. Alizichora kwa mkono, akazibandika ukutani kwenye baa ya Nunziata. Sheria zake zilikuwa chache: lami isizidi kilomita mbili kwa siku, maji ya kunywa yapatikane kabla mtu hajaanza kuyatafuta, na shamba lenye mbwa wabaya liandikwe jina la mbwa, si la mwenye shamba, maana mwenye shamba hukasirika. Mgeni mmoja alimuuliza ipi katika zote ndiyo tulivu zaidi. Akamjibu, "Ile ambayo hujawaambia wenzako."

Mimi ni dalali. Nilianza na mayai na sungura sokoni, nikaenda kwenye matrekta ya mitumba, nikafika kwenye mashamba na nyumba. Nilimwambia, "Fosco, kaka yangu, watu wanalipia mambo kama haya. Toza."

"Barabara si yangu," akasema.

"Wala nyumba ninazouza si zangu."

Alicheka hadi akakohoa. Lakini hakutoza.

Njia yake bora ilikuwa ya Leccio, kilomita arobaini na mbili. Inatoka hapa nyuma ya kanisa, inashuka kwenye mivinje, inapita mbele ya nyumba kubwa ya Leccio, inapanda hadi makaburini na kuendelea. Na hapa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, kama si kwamba nusu yenu mnapajua na nusu mnapabuni.

Mwaka jana majira ya kuchipua nilimpatia nyumba ya Leccio mnunuzi kutoka Milano, Bwana Anselmi. Alikuwa tayari kununua kwa sharti moja: barabara inayopita mbele ya madirisha yake ifungwe. Halmashauri inaweza kuifunga barabara kama majirani watathibitisha kwa maandishi kwamba kwa miaka ishirini hakuna aliyepita isipokuwa wenye mashamba. Hati hiyo niliiandika mimi, nikaisaini mimi, na wengine wawili ambao wamo humu na siwataji. Nilijua si kweli. Nilijiambia kwamba waendesha baiskeli hawapiti, wanacheza tu. Nyumba ikauzwa, nikapata changu, geti likasimamishwa kabla hata halmashauri haijapiga kura. Ufunguo wa pili nikaachiwa mimi.

Jumamosi tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martino, Fosco alikutwa amelala kwenye tuta chini ya geti lile, nyonga imevunjika. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea geti. Baa nzima ikahitimisha kwamba mzee wa miaka sabini na mbili alitaka kuruka geti la watu.

"Kichwa kigumu kama jiwe la mpaka," mmoja akasema.

"Angepiga kengele, angefunguliwa," akasema mwingine.

Nunziata aliwapa kahawa zao bila sukari. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu maelezo hayo yalinifaa: kama aliruka, basi kosa lilikuwa lake.

Nyonga ilitengenezwa hospitalini Siena. Mapafu, ambayo yalikuwa yamekula vumbi jeupe miaka thelathini na saba, hayakutengenezeka. Alirudishwa nyumbani mwezi Februari, homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Jumapili tarehe 3 Machi nilikaa naye, Ilva akiwa jikoni kwa makusudi.

"Niliona jina lako chini ya ile hati, kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri," akaniambia.

"Lini?"

"Septemba."

"Septemba, Fosco? Mbona hukusema?"

"Nilidhani utalifuta mwenyewe. Wewe hukawii kubadilisha bei."

Yeye akavuta pumzi, akaendelea kana kwamba tunaongea habari za hali ya hewa. "Geti lile wamelisimamisha vibaya. Nguzo ya kushoto wameikalisha juu ya mdomo wa kalavati. Mvua za Machi zitaikata barabara, na yule Bwana wa Milano ataamka na mto mlangoni. Mwambie mtu azibue."

"Nimwambie nani?"

"Mtu," akasema, akafumba macho.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe na viatu vya mjini. Beleshi la Fosco lilikuwa ndani ya kalavati, mpini nje. Pembeni palikuwa na rundo la majani na tope lililopangwa vizuri, kama alivyolipanga siku zote, upande ambao mvua haiwezi kulirudisha. Nusu ya kalavati ilikuwa wazi. Hakuruka geti la mtu. Alikuwa akimzibulia maji Bwana Anselmi, akateleza kwenye tuta. Nimelisema hapa mbele ya jeneza ili baa isiwe na swali tena.

Alifariki nyumbani kwake, Jumamosi tarehe 9 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, Ilva akiwa amemshika mkono.

Jana nilimpigia simu Bwana Anselmi, kumwarifu kwamba leo jeneza litapita Leccio.

"Bibi Loriana, hati ulisaini mwenyewe," akasema.

"Nilisaini. Leo asubuhi nimepeleka nyingine ya kuikana."

"Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya nyumba. Barabara haikuwa yangu kuuza."

"Kwa hiyo nifanyeje, nikae dirishani niangalie watu wakipita?"

"Wasalimie. Ndivyo tunavyofanya sisi."

Hakukata simu. Hakukubali pia. Anaweza kunishtaki, na mwanasheria ameniambia atakuwa na haki yake. Halmashauri inapiga kura Alhamisi tarehe 21, na sahihi moja iliyokanwa haiwezi kuiangusha hati ambayo bado ina mbili. Kwa hiyo nawaomba hivi. Kitabu cha rambirambi kiko mezani mlangoni. Msiandike kwamba Fosco alikuwa mtu mwema, tunajua. Andikeni jina, mnakotoka, na mwaka mliopita Leccio mara ya kwanza, nami nitakipeleka kitabu halmashauri. Wale wawili, kalamu iko pale pale. Kisha tutashuka kwa miguu na baiskeli, sote, nyuma yake. Ufunguo ninao mfukoni.

Marehemu ameacha mjane, Ilva, binti, Morena, na mumewe Ivano, mjukuu, Viola, dada, ambaye ndiye huyu, njia kumi na moja ukutani kwa Nunziata, na jozi moja ya viatu barazani, ambayo Ilva asubuhi hii ameiingiza ndani.

Pumzika kwa amani, Fosco. Nusu iliyobaki ya kalavati nimeizibua, na jana ilinyesha, na maji yamepita.