Nyapara Aliyelaza Sururu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Halfani Shaban, aliyezikwa juzi mjini Biharamulo. Halfani Shaban, aliyekuwa nyapara wa mgodi wa dhahabu enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili.

Alikuwa mtoto wa duka. Baba yake, mtu wa pwani, aliuza chumvi na kaniki. Halfani alipenda kuamrisha kuliko kupima chumvi, akaenda mgodini, akakabidhiwa vibarua kutoka Ngara. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili wa Bukiriro, Alfonce na mdogo wake, Nyandwi.

Siku moja shimo liliporomoka. Alfonce akafa. Walimzika jioni, na asubuhi Halfani akamrudisha Nyandwi shimoni. Hakuwa na roho mbaya, wasikilizaji. Aliamini kazi humsahaulisha mtu.

Nyandwi alishika sururu, akasimama, siku ile na siku zilizofuata. Hakuinua. Hakusema. Chakula alionja tu.

"Wewe, unaibembeleza ilale?" wenzake walimtania. Halfani naye akacheka.

Bwana mkubwa, Mzungu msimamizi wa mgodi, hakucheka. "Asipochimba kesho, aondoke."

Kesho hiyo ndipo alipofika mama yao, Febronia, kwa miguu kutoka Bukiriro, baada ya habari za msiba kumfikia.

"Shikamoo, mama," alisema Halfani.

Mama alisogea ukingoni mwa shimo. Alikuwa akimtazama mwanawe kule shimoni.

"Mmoja mmemfukia. Na huyu mnamchimbisha udongo uleule uliomla kaka yake? Kwetu nyumba ikifiwa, hakuna anayeshika jembe mpaka matanga yaishe. Ninyi hamfiwi?"

Matanga Halfani aliyajua. Hata kwao yalikuwepo. Ila hakuwahi kufikiri kwamba yanaingia mgodini. Alishuka shimoni, akamtoa Nyandwi sururu mkononi, taratibu, akailaza chini. Akawaambia vibarua wote walaze za kwao.

Bwana mkubwa alifoka. "Basi unyapara wako umekwisha!"

"Na uishe, bwana. Huyu hawezi kuchimba."

Wasikilizaji wapendwa, unyapara uliisha kweli. Halfani akawa mbeba magogo ya kuegemezea mashimo yasiporomoke. Binti yake, Bi Mwanamvua, anasimulia:

"Matanga yalipokwisha Nyandwi alirudi mgodini, akapokelewa maana vibarua walikuwa haba. Shimoni hakutaka tena. Akashika upande wa pili wa gogo la baba. Walibeba kimya kimya, mmoja mbele, mmoja nyuma, wiki hata wiki. Halafu siku moja Nyandwi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: 'Halfani, mbona unabeba gogo umeinama kama bibi harusi? Nyoosha mgongo!' Baba alisema alilia palepale, gogo likiwa begani."

Bi Mwanamvua na familia yote, poleni sana. Poleni pia jamaa wa Nyandwi huko Bukiriro, mliokuja kumzika Mzee kama mtu wa kwenu.

Na wewe unayesimamia watu, iwe dukani, shuleni au shambani: kesho ukimkuta mmoja wao amesimama tu, kazi haiendi, usimcheke. Mwulize nyumbani kwake kuna nini. Kisha kaa naye mpaka amalize kusema.