Wazamiaji Waliohitimu Nchi Kavu

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima kutoka Serikali ya Kaunti, Bwana Mwenyekiti wa Halmashauri, Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Muthoka, walimu wenzangu, shekhe na padri mliotufungulia shughuli hii kwa dua na sala, wazazi mliotoka Masii, Mitaboni na Mlolongo, ndugu zetu wavuvi na wazamiaji mliopanda huku kutoka Pwani, na nyinyi, wahitimu, ambao kwa ajili yenu viti hivi vimepangwa: itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwenu wenyeji wa Machakos, mlionipokea nikiwa siwezi kupanda hata ngazi ya duka, ni muvea muno, asanteni sana.

Naitwa Tariq Hanif. Nimeombwa niseme maneno machache, na mtu wa Pwani akiombwa aseme machache, wageni wenye busara hukaa vizuri kwenye viti vyao.

Juzi nilikuwa sokoni nikinunua maembe, muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, hebu nieleze. Hapa kwetu hata mto hukauka, tukachimba mchanga kutafuta maji. Sasa nyinyi mnafundishaje watu kazi ya bahari?" Nilimwambia apite Mlolongo ayatazame malori yanavyopanga foleni kwenye mizani, ajiulize ile mizigo imetoka wapi. Sisi sote tunakula kwa mkono wa bahari, hata asiyewahi kuonja chumvi yake. Je, anayekula hana wajibu kwa anayemlisha? Alicheka, akaniongeza embe moja, lakini nilijua bado sijamjibu. Leo nitajaribu kumjibu vizuri zaidi.

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa mzamiaji. Kazi yangu na ya mwenzangu, Aloys Ndolo, ilikuwa kutoa nyavu zilizotelekezwa kwenye miamba ya matumbawe. Ndugu zangu wa bara, wavu ukikatika na kuzama hauachi kuvua. Hauna mwenyewe, hauna wa kuuvuta, lakini unaendelea kunasa samaki, changu na tewa, hata kasa, mwaka baada ya mwaka. Walionaswa wanaoza, harufu yao inaita wengine, nao wananaswa. Kulikuwa na watu waliozitoa nyavu hizo kwa kukokota kulabu kwa mashua. Wavu ulitoka, ndiyo, lakini ulitoka na mwamba wenyewe, na mwamba ukishavunjika samaki hana nyumba. Kwa hiyo sisi tulishuka kwa mitungi ya hewa na visu, tukakata uzi mmoja mmoja kwa mkono.

Aloys, kwa wasiomjua, si mtu wa Pwani. Ni Mkamba wa Masii, aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la ng'ombe, akaja Mombasa kutafuta kibarua bandarini na akaishia kuwa mzamiaji hodari kuliko wengi wetu tuliozaliwa tukisikia mawimbi. Tulishuka pamoja miaka mingi. Chini ya maji hamna maneno. Mnajuana kwa macho na kwa vidole, na mkizoeana hivyo hata nchi kavu hamhitaji kuongea sana.

Siku moja tulishuka upande wa nje wa mwamba, kwenye kina ambacho hatukukipenda. Mkondo uligeuka ghafla. Wavu niliokuwa nikiukata ulipeperuka kama pazia, ukanizunguka miguu na mtungi. Nilikata hapa, ukanishika pale. Hewa yangu ilianza kwisha. Nakumbuka uso wa Aloys ukija karibu na wangu, macho yamemtoka nyuma ya kioo, na kisu chake kikifanya kazi huku akinipa hewa yake mwenyewe. Alinitoa. Lakini hewa iliyobaki haikututosha kupanda polepole kama inavyotakiwa, na mzamiaji akipanda kwa haraka gesi hutoka ndani ya damu yake kama vile soda inavyotoka povu ukiifungua. Aloys alipona. Mimi niliamka hospitalini, na mguu wa kulia haukunisikia tena kama zamani.

Dada yangu Layla, yule pale aliyejifunika mtandio wa kijani, alinileta hapa Machakos, akanipa kiti nyuma ya kaunta ya duka lake la mabomba na vifaa vya ujenzi. Alinipa na chakula, na maneno mazuri, na kazi ya kupima misumari. Na mimi nilikuwa na hasira na kila kitu. Mtu aliyezoea kuelea, umwambie akae kitini apime misumari!

Ndipo akaingia dukani mwalimu mmoja wa taasisi hii, Mwalimu Syokau, akitaka raba za kuzuia maji zisizovuja hata kidogo. Nikamwuliza za nini. Akasema ametengeneza mashine ndogo yenye kamera ya kuingia kwenye visima virefu kuangalia kuta zilizopasuka, ili asishuke mtu tena akafukiwa. Akaniwekea kauntani picha ya mashine hiyo.

Nikaitazama, nikamwambia, "Hii ukiipeleka baharini haimalizi saa moja."

"Sikusema naipeleka baharini," akajibu. "Lakini kwa nini haimalizi?"

"Chumvi itaila. Mkondo utaibeba. Na hizi propela zitasokota uzi wa kwanza zitakaokutana nao."

Mheshimiwa, mtu mwingine angekasirika akaenda duka la pili. Yeye alivuta kiti, akakaa mbele ya kaunta, wateja wakasubiri, akasema, "Haya, kaka. Anza na chumvi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi sikujua kuunga waya mbili bila kujichoma. Yeye alikuwa hajawahi kukanyaga ufuo. Sisi wawili pamoja na wanafunzi wake tuliunda roboti ya ukubwa wa mzinga wa nyuki, yenye taa, kamera, na mikono miwili: mmoja wa kushika, mmoja wenye wembe. Propela zake tulizifunika kwa vizimba ili uzi usizifikie. Betri zake zinachajiwa kwa sola, kusudi mashua isiunguze mafuta kutwa nzima kwa ajili ya umeme. Tuliijaribu kwenye bwawa huko Masii, na umati ulikusanyika kutazama. Bibi mmoja alituuliza kwa huruma kama tumepoteza simu.

Bwawani ilifanya vizuri, na sisi tukavimba vichwa. Tukaishusha Pwani. Wazamiaji wenzangu wa zamani walikuja kwenye gati kuiona, na nilimtafuta Aloys kwa macho nikitaka afurahi. Hakufurahi. Alinivuta pembeni. Maneno yake sijayasahau, na amenipa ruhusa niyaseme leo.

"Tariq, mimi niko na watoto, niko na mama mgonjwa kule nyumbani. Nilikutoa huko chini ndiyo uje na mashine uninyang'anye kazi?"

Niambieni, nyinyi wenye hekima mliokaa mbele: mtu aliyekupa hewa yake kifuani akikuuliza swali hilo, unamjibu nini? Mimi niliingia mashuani.

Na siku ile roboti ilituaibisha. Ilishika wavu vizuri, ikakata vizuri, lakini ilipouvuta ilivuta na tawi la matumbawe yaliyo hai, pana kama meza. Tuliliona kwenye kioo cha kamera likikatika. Mwalimu Syokau alizima mashine palepale, akasema, "Turudi. Hatukuja kufanya kazi ya kulabu." Wavuvi walikuwa wamelipa mafuta ya mashua, wanafunzi walikuwa wanalia, na Aloys alikuwa amesimama kwenye gati akitutazama tukirudi. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Tukapanda hadi Machakos. Na hapo ndipo ninapotaka wahitimu wanisikilize kwa makini, kwa sababu si mashine iliyotushinda siku ile. Tulikuwa tumeunda chombo cha kazi ya watu bila kuwaita watu wenyewe. Tulitaka kuwaokoa wazamiaji na hatari, wala hatukuwauliza wataishi vipi baada ya kuokolewa.

Baada ya muda Aloys alikuja Masii kumwona mama yake, Mama Nzilani, aliyekuwa akiumwa. Nilikwenda kumjulia hali mama, tukakutana uani. Tulinywa chai. Mwishowe nikamwambia, "Swali lako bado ninalo. Njoo tulijibu pamoja."

Alikuja karakana ya taasisi kesho yake, uso umekunjwa. Mwalimu Syokau akampa rimoti. Basi, ndugu zangu, yule simba wa kina kirefu aliigonga roboti kwenye ukuta wa tenki, akaigonga tena, kisha akaizungusha hadi waya ukafungana fundo. Mwanafunzi mmoja wa Mlolongo akamwambia, "Pole pole, mzae, hii si jembe." Aloys alimkazia macho. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi sikuwa nimesikia kicheko kile tangu ajali.

Alipomaliza kucheka alisema neno zito. "Mwalimu, mimi nitakaa hapa nijifunze. Lakini tukubaliane. Roboti zenu zikienda Pwani, zitaendeshwa na wazamiaji. Si mtu wa ofisini. Na mzamiaji asifukuzwe kwa sababu ya mashine."

Mwalimu Syokau hakusema atafikiria. Alisema, "Na wewe utawaambia wenzako waje wasome huku?"

"Wakiona mnatimiza, watakuja."

Tulikaa na chama cha wavuvi na wazamiaji, tukabishana, tukakubaliana. Wakati huo wote Aloys na wanafunzi waliubadilisha mkono wa roboti. Sasa haivuti. Inakata, inafunga baluni za hewa kwenye wavu, na wavu unapanda wenyewe polepole, ukiuacha mwamba ulivyo. Na mahali pembamba ambapo mashine inaweza kudhuru, inasimama, tunaangalia, tunaamua. Pengine mzamiaji anashuka, lakini anashuka pasipo na kina cha kutisha, akiwa ameshaona kwenye kioo cha kamera yale yanayomngoja chini.

Tuliporudi baharini, aliyeshika rimoti alikuwa Aloys. Ndani ya wavu wa kwanza tulimkuta tewa mkubwa, ubavu umechubuka, bado anapumua. Mashuani watu kumi na zaidi walikiinamia kioo. Wembe ulikata uzi kwenye pezi, ukakata kwenye shavu, ukakata wa mwisho. Tewa alikaa palepale kidogo, kama haamini. Halafu akapiga mkia akaenda zake. Mheshimiwa, nimesikia vigelegele vya harusi nyingi, lakini sijasikia kama vile walivyopiga wavuvi wale wenye ndevu.

Sitawadanganya siku ya sherehe. Roboti moja tuliipoteza kwenye mkondo, na hadi leo iko huko. Betri zetu bado ni dhaifu. Matumbawe hukua polepole kuliko mtoto, na mwamba tulioutazama ukivunjika hautapona mbele ya macho yangu. Lakini kwenye mwambao ule wazamiaji hawashuki tena kwenye kina kilichoniumiza, kulabu zimewekwa kando, na hakuna mzamiaji aliyepoteza mkate wake. Je, si hili ndilo tulilotaka tuliposema maendeleo?

Ndiyo maana nimefurahi kuwaona wahitimu wa leo wamekaa walivyokaa: mzamiaji wa Pwani ubavuni mwa binti wa Mitaboni, yeye akimfundisha mkondo, binti akimfundisha waya. Vijana, mtapata watu wa kuwasifu kwa ujanja wa mashine zenu. Sifa hizo zipokeeni kwa adabu. Kisha waulizeni wale ambao kazi yao mmeigusa, wanalala vipi. Wakiwaambia hawalali, rudini karakana.

Mwalimu Syokau, ulivuta kiti mbele ya mtu mwenye hasira ukamwuliza kwa nini. Mimi sina zawadi ya kulingana na hilo. Dada Layla, misumari yako niliipima vibaya, nawe ulijua. Wavuvi, mlitukubali mara ya pili baada ya kutuona tukishindwa mara ya kwanza, Mungu awalipe.

Kilichobaki ni wahitimu kuitwa. Aloys Ndolo ndiye atakayeanza, na kuanzia Jumatatu atakuwa msimamizi wa kituo chetu kipya cha roboti huko Pwani. Asubuhi hii, pale getini, Mama Nzilani alinishika mkono. Amepona, mnamwona, amekuja na kitambaa kipya kichwani. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wakwa, mwanangu, sasa huyu mtoto wangu atakuwa anarudi nyumbani akiwa mkavu?"

Nilimwambia, "Siku nyingi, mama."

Akasema, "Zinanitosha."

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Aloys, ndugu yangu, inuka uje. Mama anakungoja upande huu.