Setareki na Ganzi ya Mdomoni

Kibandani kwa Kapteni, kando ya barabara ya Savusavu, wanaume walikuwa wamelizunguka beseni la kava, kile kinywaji cha mizizi kitiacho ganzi, tangu asubuhi, na kazi yao siku hiyo ilikuwa moja: kumnywesha Setareki mpaka mwili mzima uingie ganzi, kisha wamvute wenyewe mkono aliouvunja jana alipoteleza kutoka juu ya paa. Kifundo kilikuwa kimevimba na kupinda kama uma uliolazwa kifudifudi. Hospitali hataki. Baba yake alipovutwa mkono huko alishikwa na watu wanne, na zile kelele Setareki alizisikia akiwa mtoto. Bibi Unaisi, aliyevunjika mwezi uliopita na plasta ingali mkononi, alijikalia benchini bila kukaribishwa.

— Kifuu cha ngapi hicho? aliuliza Kapteni.

— Cha kumi na tisa, alisema Setareki. Midomo siisikii.

— Basi mambo yanakwenda, alisema yule wanayemwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimwa. Ganzi huanzia juu ikashuka. Saa hizi iko shingoni.

— Shingoni inafanya nini? aliuliza Bibi Unaisi. Inangoja basi?

— Bibi, hii kazi ya wanaume, alisema Kapteni.

— Kazi yenu naijua. Choo cha kanisa mlikitengeneza ninyi, na tangu hapo tunakwenda vichakani.

Setareki aliuegemeza mkono kifuani.

— Wewe walikufanyaje hasa, Bibi?

— Daktari, binti mdogo tu, alinisafisha ngozi, akachoma sindano papo hapo palipovunjika. Akavuta bomba la sindano kwanza, damu ikaja. Akasema vizuri, tumepapata. Ndipo akasukuma dawa ndani.

— Mmesikia? alisema Redio. Kamtoa damu. Maumivu yanakaa kwenye damu.

— Wala haiishii hapo, alisema Kapteni. Hayo maumivu wanayahamisha. Ukipona huku, kuna mtu kule mjini Lautoka anaamka analia na hajui analilia nini.

— Mpeni pole yangu, alisema Bibi Unaisi.

— Mnahangaika bure, alisema Redio. Dawa yenyewe ni kava hii hii. Wameikausha wakaitia kwenye kichupa. Sisi tunakunywa kutoka shinani, tutashindwaje?

Kapteni alikung'uta beseni. Kava imekwisha. Akamshika Setareki kiwiko, Redio akashika vidole, na Setareki akageuka rangi ya majivu kabla hawajavuta chochote.

Hapo Bisun, dereva wa lori la abiria, akashuka kuomba maji ya kutia kwenye rejeta.

— Kimevunjika nini?

— Mkono.

— Na ganzi mmeifikisha wapi?

— Mdomoni.

Bisun alimtazama Setareki, akalitazama beseni.

— Sasa mnavuta mdomo au mkono?

Redio aliachia vidole taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Setareki akamgeukia Bibi Unaisi.

— Niambie kweli. Iliuma?

Angeweza kumdanganya. Hakuona faida.

— Sindano iliuma. Dawa ilipoingia ilibana, nikamtukana. Akangoja dakika kumi, akawa ananibonyeza na kuniuliza, mpaka nikachoka kuulizwa. Halafu wakavuta, huyu kiwiko, yule vidole. Mfupa niliusikia ukisogea kama droo iliyokwama. Maumivu sikuyaona.

— Dakika kumi zote alikungoja?

— Zote. Na wagonjwa wamejaa mlangoni. Hakunijibu hata tusi moja.

Setareki alisimama, akaenda kwenye lori akiukumbatia mkono wake. Mguu mmoja ukiwa tayari juu ya kidato, akageuka.

— Utaingia nami hospitalini?

— Nitaingia. Ila vile vifuu kumi na tisa utamwambia daktari mwenyewe.

Bibi alimsukuma asogee, akapanda, akakaa.

— Yule binti nilimtukania mpaka ukoo, alisema, nikaondoka na mkono mzima bila kumwambia asante. Bisun, washa lori.